Fungua kazi kwa mguso mmoja: njia za mkato kwenye kompyuta ya ofisi

Karani wa ofisi ya uwakala wa forodha Tunduma hafungui programu moja kwa siku. Anafungua TANCIS, mfumo wa forodha wa TRA ulioanza kutumika mwaka 2014 mahali pa ASYCUDA++. Anafungua barua pepe ya mteja wa Lusaka au Lubumbashi, faili la Excel lenye orodha ya malori, WhatsApp ya madereva, skana, kisha anarudi kwenye folda ya nyaraka za mzigo uleule alioushughulikia saa moja iliyopita. Dirishani amesimama dereva na makaratasi mkononi, na huko nje malori yamepanga foleni. Kila karani anapohangaika na menyu ya Start akitafuta jina la programu, muda unaopotea si wake peke yake.

Mwongozo huu ni wa karani huyo. Ni wa mwenye steshenari pia, pale Vwawa, anayejaza maombi ya mikopo ya wanafunzi huku akitoa kopi za vyeti. Wa katibu wa AMCOS ya kahawa Mbozi anayeingiza kilo za wakulima msimu mzima. Na wa mhasibu wa duka la jumla anayefungua kitabu kilekile cha mauzo asubuhi na jioni. Nimeandika kwa mtumiaji wa Windows 10 au 11. Maneno ya menyu nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini, maana kompyuta zetu nyingi zimewekwa kwa Kiingereza, na ukitafuta neno la Kiswahili ambalo halipo utapotea bure.

Kabla ya kutengeneza chochote, elewa jambo moja, kwa sababu mengine yote yanatoka hapo. Njia ya mkato, au shotikati kama wengi tunavyoiita, si programu wala si faili. Ni kielekezo tu. Ifikirie kama kibao cha barabarani hapo Tunduma kinachoonyesha njia ya Sumbawanga: ukiking'oa, Sumbawanga haiendi popote, ukikipakia kwenye gari, hujaondoka na Sumbawanga. Windows huitambulisha kwa mshale mdogo kwenye kona ya chini kushoto ya picha yake. Uzoee kuutazama mshale huo kwanza, kila unapotaka kufuta, kunakili au kuhamisha kitu kilicho mbele ya skrini, yaani kwenye Desktop.

Wazo hili ni la siku nyingi. Apple waliliweka kwenye System 7 mwaka 1991, Microsoft wakalileta kwenye Windows 95, iliyotoka Agosti 24, 1995. Ndiyo maana hatua nyingi utakazosoma hapa zinakubali hata kwenye mashine ya zamani iliyobaki pembeni mwa ofisi ikisubiri mtu wa kuitumia.

Anza na programu. Bonyeza kitufe cha Windows kwenye kibodi na uandike herufi chache za jina, tuseme “exc” kwa Excel. Jina likitokea, libonyeze kwa kitufe cha kulia cha mausi, uchague “Open file location”. Dirisha litafunguka na picha ya programu itakuwa tayari imechaguliwa. Ibonyeze tena kwa kulia, nenda kwenye “Send to”, kisha chagua mstari wenye neno Desktop. Kwenye Windows 11 huenda usiione “Send to” mara moja; bonyeza kwanza “Show more options” na orodha ndefu ya zamani itarudi. Hapo kazi imekwisha. Punguza madirisha yote kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi D, utaiona shotikati yako ikisubiri.

Programu zilizotoka kwenye duka la Microsoft, kama WhatsApp au Calculator, hazina huo mstari wa “Open file location”, na wengi hukata tamaa hapo. Usikate. Bonyeza kitufe cha Windows na R, kiboksi kidogo kitatokea. Andika shell:AppsFolder na ubonyeze Enter. Programu zote za kompyuta zitajipanga mbele yako. Bonyeza ile unayoitaka kwa kitufe cha kulia, chagua “Create shortcut”, na Windows ikikuuliza kama iiweke mbele ya skrini, ikubalie.

Kwa faili na folda kuna njia nyepesi zaidi. Shikilia kitufe cha Alt, kisha buruta folda hadi mbele ya skrini. Kinachotua pale ni shotikati, na folda yenyewe inabaki ilikokuwa. Usipobonyeza Alt, utakuwa umeihamisha au umeinakili folda nzima, na hapo mambo yanabadilika kabisa.

Hili la folda lina uzito kwetu, kwa sababu ya desturi ya kuweka kila kitu mbele ya skrini. Hati ya mteja mbele ya skrini, picha za pasipoti mbele ya skrini, hesabu za mwaka mzima mbele ya skrini, mpaka ukuta wa kompyuta hauonekani. Inaonekana ni karibu na ni rahisi. Lakini kila kilichowekwa hapo kimelala ndani ya diski C, kwenye folda ya mtumiaji, pamoja na Windows yenyewe. Siku mashine inagoma kuwaka na fundi anaamua kupiga Windows upya, diski C ndiyo anayoifuta. Fundi makini atakuuliza una nini humo na atakuokolea kwanza. Fundi mwenye haraka hataulizia, na kazi ya miezi itakuwa imekwenda.

Kwa hiyo panga hivi. Ikiwa kompyuta yako ina diski D, fungua huko folda moja ya kazi, na ndani yake folda za wateja, za miezi au za misimu, kwa kadiri shughuli yako ilivyo. Weka mafaili halisi huko. Mbele ya skrini weka shotikati tu za folda unazozigusa kila siku. Katibu wa AMCOS anaweza kuwa na shotikati moja inayofungua moja kwa moja kitabu cha Excel cha msimu huu. Msimu ukiisha anaifuta shotikati na kutengeneza ya kitabu kipya, huku kitabu cha zamani kikikaa salama mahali pake. Ila usidhani D peke yake inatosha. Mara nyingi C na D ni vipande viwili vya diski moja, na diski ikifa vinakufa pamoja. Nakala nyingine iwe kwenye diski ya nje, na diski hiyo isilale mezani kando ya kompyuta ileile.

Sasa tovuti, maana kazi nyingi siku hizi hazifanyiki kwenye programu iliyowekwa kwenye mashine bali kwenye kurasa za serikali. Mwenye steshenari anaingia BRELA kusajili jina la biashara la mteja, anaingia TAUSI ya TAMISEMI kwa leseni, NECTA matokeo yanapotoka, HESLB dirisha la mikopo linapofunguliwa, Ajira Portal karibu kila siku. Wengi huandika jina kwenye Google na kubonyeza kinachotokea juu. Sipendi desturi hiyo hata kidogo. Kinachotokea juu kinaweza kuwa tangazo, au ukurasa wa mtu mwingine unaofanana na ule halisi, na mteja anakuwa ameandika namba yake ya NIDA mahali pasipojulikana. Fungua tovuti mara moja kwa uangalifu, hakikisha anwani inaishia na .go.tz kabla ya mkwaju wa kwanza, kisha itengenezee shotikati. Kuanzia hapo hutafuti tena, wala huandiki tena, wala hukosei herufi.

Namna ya kuitengeneza: punguza dirisha la Chrome ili sehemu ya skrini nyuma yake ionekane. Upande wa kushoto wa anwani kuna alama ndogo. Ishike kwa mausi na uiburute hadi mbele ya skrini. Ukishindwa kuiburuta, bonyeza kwa kulia mahali patupu mbele ya skrini, chagua “New”, kisha “Shortcut”, bandika anwani nzima kwenye kiboksi, bonyeza “Next”, uipe jina. Jina liwe la kazi, lisomeke na mtu yeyote wa ofisi: “Leseni TAUSI”, “Matokeo NECTA”. Usiache jina refu la ukurasa ambalo nusu yake inakatwa na vidoti.

Shotikati za aina hiyo hufunguka kwenye kivinjari kilichochaguliwa kuwa kikuu. Kama mfumo fulani unakusumbua kwenye kivinjari kimoja na unakwenda vizuri kwenye kingine, unaweza kuilazimisha. Nakili shotikati ya kile kivinjari kizuri, bonyeza nakala hiyo kwa kulia, fungua “Properties”. Kwenye mstari wa “Target” nenda mwisho kabisa, baada ya alama ya kufunga nukuu, acha nafasi moja, bandika anwani ya mfumo, bonyeza OK. Sasa una shotikati inayofungua kivinjari kile na ukurasa ule kwa pamoja.

Kuna jambo watu wa kompyuta hawalisemi vya kutosha: mbele ya skrini si mahali pa haraka kuliko pote. Ukishafungua madirisha matano, shotikati zako zote zimefunikwa, na inabidi uyapunguze ili uzifikie. Kwa hiyo programu tatu au nne unazozigusa kila baada ya dakika chache zipeleke chini kwenye ule mstari unaoonekana muda wote. Ifungue programu, bonyeza picha yake pale chini kwa kitufe cha kulia, chagua “Pin to taskbar”. Kisha zipange kwa kuziburuta kwa mfuatano unaoutaka. Ya kwanza kutoka kushoto sasa inafunguka kwa kubonyeza kitufe cha Windows na 1, ya pili Windows na 2, hivyo hivyo hadi 9. Nikiulizwa nianze na lipi kati ya yote yaliyomo humu, nitasema hili. Mkono hauondoki kwenye kibodi, na baada ya siku chache vidole vinakwenda vyenyewe.

Zile zinazobaki mbele ya skrini nazo zinaweza kupewa vitufe. Bonyeza shotikati kwa kulia, “Properties”, kisha kwenye mstari wa “Shortcut key” bonyeza herufi moja, mfano M kwa kitabu cha mauzo. Windows itaandika Ctrl + Alt + M. Itafanya kazi mradi shotikati yenyewe iko mbele ya skrini au kwenye menyu ya Start. Ukiificha ndani ya folda nyingine, vitufe havitaitika. Usigawe herufi nyingi mno. Tatu zinakumbukika, kumi na mbili zitakuchanganya.

Tukirudi kwenye ule mstari wa chini, wale wa Tunduma wana sababu ya kugusa na saa iliyo pembeni yake. Tanzania iko saa moja mbele ya Zambia. Unapompigia mwenzako wa Nakonde anayefanya kazi kwenye ASYCUDAWorld ya Mamlaka ya Mapato ya Zambia, saa yake si yako, ingawa mnaweza kuonana kwa macho. Fungua “Settings”, “Time & language”, “Date & time”, halafu utafute “Additional clocks”. Ongeza saa ya pili kwenye mstari wa Harare na Pretoria, ambao ndio wakati wa Zambia, uipe jina Nakonde. Ukiipeleka mausi juu ya saa au kuibonyeza, utaziona zote mbili.

Wapo wanaotaka kompyuta ikiwaka tu, kila kitu kifunguke chenyewe. Inawezekana: bonyeza Windows na R, andika shell:startup, na kwenye folda itakayofunguka weka nakala za shotikati unazozitaka. Ila kwa mashine yenye RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka, weka moja, zikizidi sana mbili. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta inayolazimika kufungua vitu sita kwa wakati mmoja itakaa imeganda huku wateja wakikutazama.

Na kuhusu wateja kukutazama: skrini ya steshenari inaonwa na kila aliyesimama mbele ya kaunta. Kopi za vitambulisho, pasipoti na vyeti vya kuzaliwa vikiwa vimetapakaa hapo, kila moja ina jina la mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Maliza kazi ya mteja, mpe chake, futa kilichobaki. Mbele ya skrini zibaki shotikati za kazi, bila jina la mteja yeyote.

Sasa turudi kwenye kile kibao cha Sumbawanga, kwa sababu hasara nyingi zinatokea kwenye flashi. Mwanafunzi anaandika ripoti yake nyumbani, anaona picha yake mbele ya skrini, anainakili kwenye flashi, anapanda gari kutoka Mlowo hadi Vwawa kwenda kuiprinti. Steshenari wanaichomeka, haifunguki. Alichobeba ni shotikati. Faili lenyewe limebaki nyumbani. Kabla hujaondoka, fungua flashi na uangalie kwenye safu ya “Type”: ikiandikwa “Shortcut”, na ukubwa wake ni KB 1 au 2, hujabeba kitu. Rudi kwenye ile ya kwanza, ibonyeze kwa kulia, chagua “Open file location”, na unakili faili utakaloonyeshwa.

Kibaya zaidi ni virusi vinavyojifanya shotikati, ambavyo kila mwenye steshenari amekutana navyo. Flashi ya mteja inaingia, folda zake zote zina mishale, kila moja KB chache tu. Virusi vimezificha folda halisi na kuweka vielekezo bandia vyenye majina yaleyale. Anayebonyeza mara mbili anafunguliwa folda yake kama kawaida, hivyo hashtuki, lakini kwa mbonyezo huohuo ameviruhusu viingie kwenye kompyuta, na kuanzia hapo kila flashi itakayochomekwa itaambukizwa. Ofisi moja inaweza kueneza hivyo mji mzima kwa wiki.

Ukiiona mishale mahali ambapo hujaiweka wewe, usibonyeze chochote ndani ya flashi. Bonyeza flashi yenyewe kwa kitufe cha kulia na uchague “Scan with Microsoft Defender”, au tumia antivairasi uliyonayo. Ikimaliza kusafisha, tazama herufi ya flashi, tuseme ni E. Andika cmd kwenye menyu ya Start, fungua dirisha jeusi, na uandike mstari huu kama ulivyo, ukibadilisha E kama flashi yako ina herufi nyingine:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter na usubiri. Folda halisi zitajitokeza tena, kwa kawaida zikiwa na kila kitu. Wakati mwingine zinakuwa zimesukumwa ndani ya folda moja isiyo na jina. Fungua hiyo uzitoe. Zinakili kwenye kompyuta, futa shotikati bandia, kisha ifomati flashi. Mwambie mteja habari zake zilikuwa hazijapotea, maana wengi hufika wakiwa wameshakata tamaa na wengine huifomati flashi wenyewe wakidhani hamna kitu. Ikiwa mishale inarudi kwenye kila flashi unayochomeka, ugonjwa uko kwenye kompyuta yako. Hapo fungua “Windows Security” na uendeshe uchunguzi wa “Microsoft Defender Offline”, unaoizima na kuiwasha upya mashine, kisha kuikagua kabla Windows haijaamka. Na kama bado uko kwenye Windows 10, fahamu kuwa Microsoft ilimaliza kuitolea huduma ya kawaida Oktoba 14, 2025. Mashine inayopokea flashi za watu kutwa nzima inastahili kuwa ya kwanza kuhamishwa.

Shotikati ya kawaida nayo hufikia siku ikashindwa. Unaibonyeza, Windows inakuambia kitu kimehamishwa au kimebadilishwa. Karibu mara zote mtu amebadilisha jina la folda au ameihamisha. Usihangaike kuirekebisha, ifute, nenda kwenye faili lilipo sasa, uitengeneze upya kwa Alt na kuburuta. Kufuta shotikati hakugusi chochote cha maana. Lakini ukibonyeza Delete kwenye kitu kisicho na mshale, umefuta kitu chenyewe.

Siku utakapobadilisha kompyuta, usijisumbue kunakili shotikati za programu kwenda mashine mpya, hazitakuwa na pa kuelekeza. Ziweke programu kwanza, kisha uzitengeneze huko. Zile za tovuti ulizoburuta kutoka kwenye anwani ya Chrome au kuzitengeneza kwa “New” na “Shortcut” ni tofauti: anwani imeandikwa ndani yake, kwa hiyo zinafunguka kwenye kompyuta yoyote yenye intaneti. Zikusanye kwenye folda moja, zitie kwenye flashi safi, na umpe pia karani mpya siku anapoanza kazi.